Jembe la mtoto ataliokota nani? Mwongozo kamili wa kukomesha utumikishwaji wa watoto mashambani

Niliwahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha sheria ndogo dhidi ya utumikishwaji wa watoto. Mikono yote ilikuwa juu, faini ikatajwa, mtendaji akagonga mhuri, tukanywa soda. Hiyo ilikuwa Septemba. Januari mvua zilipokolea na magugu yakaanza kuyameza mahindi, darasa la nne na la tano yalibaki nusu tupu, vilevile kama mwaka uliotangulia. Waliowatoa watoto shuleni ni walewale walionyoosha mikono. Wala hawakuwa wanafiki. Walikuwa na ekari tatu za kupalilia, watu wazima wawili, na majuma mawili kabla mahindi hayajadumaa.

Tangu hapo kila nikiitwa kusaidia kijiji naanza na swali moja: mtoto akiliweka jembe chini, nani ataliokota? Mwongozo huu ni wa watu wanaoweza kulijibu swali hilo wakiwa papo hapo kijijini: wajumbe wa kamati, walimu, viongozi wa vyama vya ushirika, maofisa ugani na wa ustawi wa jamii, na wazazi wenyewe.

Ukubwa wa tatizo ni huu. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, yaliyotolewa Juni 2025 yanasema watoto milioni 138 duniani walikuwa katika utumikishwaji mwaka 2024, na karibu milioni 87 kati yao wako Afrika kusini mwa Sahara. Kilimo ndicho kinachobeba sehemu kubwa kuliko sekta nyingine zote. Na kwa sehemu kubwa hakuna mwajiri wa kwenda kumkamata. Mtoto yuko kwenye shamba la baba yake.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnapinga nini

Msiporuka hatua hii mtaepuka ugomvi mwingi huko mbele. Mzee mmoja atasimama na kusema, "Mimi nililelewa na jembe, sasa mnataka kutufugia watoto wavivu?" Ana haki ya kujibiwa kwa adabu. Mtoto wa miaka kumi anayelisha kuku asubuhi, akamwagilia mboga jioni na kumsaidia mama kupukuchua maharage Jumamosi anajifunza maisha. Hakuna sheria inayomkataza.

Mpaka unapatikana kwa maswali manne. Ana umri gani? Anafanya kazi kwa muda gani? Kazi yenyewe inaweza kumdhuru? Inamnyima shule, au inamfikisha shule akiwa hoi kiasi kwamba anasinzia? Jibu moja baya linatosha kuisimamisha kazi hiyo.

Sheria zinaunga mkono maswali hayo. Mkataba wa ILO namba 138 wa mwaka 1973 unaweka umri wa chini wa kuajiriwa, na unaziruhusu nchi ambazo uchumi wake bado ni mdogo kuanzia miaka 14. Mkataba namba 182 wa mwaka 1999, unaohusu aina mbaya zaidi za utumikishwaji, uliridhiwa na nchi zote wanachama mwaka 2020, wa kwanza katika historia ya shirika hilo kufikia hapo. Afrika ina Mkataba wake wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, na ibara yake ya 15 inazungumzia jambo hilihili. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Mtoto ya 2009 zinasema miaka 14 kwa kazi nyepesi isiyomharibia masomo, miaka 18 kwa kazi ya hatari, na marufuku kumfanyisha mtoto kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kila nchi ina umri wake, kwa hiyo tafuteni wa kwenu kabla ya kuubandika ukutani.

Hilo la miaka 18 ndilo linalosahaulika. Kijana wa miaka 16 ana misuli, anaonekana mtu mzima, na ndiye anayebebeshwa bomba la kupulizia dawa. Hapo andikeni orodha yenu ya kazi za hatari kwa majina yanayotumika kijijini: kupiga na kuchanganya dawa, kuosha bomba na chupa za sumu, kuongoza plau, kupasua kakao kwa panga, kubeba magunia, kulala shambani kuamia nguruwe, na kwenye tumbaku, karibu kila kazi ya kugusa jani bichi.

Tumbaku niieleze zaidi kwa sababu madhara yake hayaonekani kama jeraha la panga. Mtoto anaingia shambani alfajiri, majani yana umande. Anayakwanyua na kuyakumbatia kifuani, shati linalowa, vidole vinashika utomvu unaokauka mweusi. Nikotini inaingia mwilini kupitia ngozi, na unyevu unairahisishia njia. Jioni kichwa kinamgonga, anazunguzwa, anatapika. Nyumbani wanasema malaria, anapewa dawa ya malaria, kesho asubuhi anarudi palepale. Mwambieni mzazi hili polepole. Mara nyingi utamwona anaanza kuhesabu kimoyomoyo ni mara ngapi "malaria" ya mwanawe iliangukia msimu wa kuvuna.

Hatua ya pili: andikeni kalenda ya kazi, kisha ilazeni juu ya rejesta

Msiende nyumba kwa nyumba mkiuliza, "Je, hapa kuna mtoto anayetumikishwa?" Mtarudi na sifuri ya kijiji kizima. Ulizeni kazi.

Kaeni na kina mama peke yao, wanaume peke yao, na watoto peke yao. Choreni miezi 12 chini kwa kijiti. Kwa kila mwezi wekeni kazi zilizopo, na kwa kila kazi wekeni punje za mahindi kwa watu wazima, za maharage kwa wasichana, na za kunde kwa wavulana. Wanaume watakwambia watoto "wanasaidia kidogo" kwenye palizi. Kina mama watamwaga maharage. Watoto watakuonyesha kazi ambazo watu wazima hawakuzitaja kabisa, kama kuamia ndege kwenye mpunga na mtama kuanzia kunapokucha hadi jua linapozama, au msichana wa miaka tisa anayebaki nyumbani na kichanga ili mama aende shamba. Huyo wa mwisho hajashika jembe, lakini ameikosa shule kwa ajili ya jembe.

Ulizeni kuhusu jana, kamwe si "kwa kawaida". Jana uliamka saa ngapi, ulianza na nini, ulikula saa ngapi, ulirudi saa ngapi. Kumbukumbu ya jana haina siasa.

Baada ya hapo muombeni mwalimu mkuu rejesta za mwaka mzima. Hesabuni utoro wa kila juma, darasa kwa darasa, wavulana na wasichana mbalimbali, kisha linganisheni na ile kalenda. Milima itajitokeza: palizi ya kwanza, kuamia ndege, mavuno. Mara nyingi kuna kilima kingine kidogo kila juma, nacho ni siku ya gulio. Sasa mna ramani. Mnajua majuma mangapi ya mwaka yanaiba watoto wengi, na kazi gani ndiyo mwizi.

Hatua ya tatu: tafuteni wa kuliokota jembe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miradi mingi hupita mbio. Chagueni kazi mbili au tatu tu zinazochukua watoto wengi zaidi. Kwa kila moja tafuteni mbadala kabla ya msimu, kwa sababu ndani ya msimu hakuna mtu mwenye masikio.

Palizi ndiyo ngumu kuliko zote. Njia iliyowahi kusaidia vijiji vingi ni ile ya mababu: ujima. Kaya sita au saba zinaungana, watu wazima wote wanapalilia shamba la mmoja leo, kesho la mwingine. Unafuu wake ni kwamba shamba la mgonjwa au la mjane nalo linafikiwa kabla magugu hayajashinda. Masharti ni mawili: orodha ya zamu ipangwe kwa kura, maana anayepaliliwa wa mwisho ndiye atakayemtoa mwanawe, na marufuku mtu kutuma mtoto amwakilishe. Sharti hilo la pili lisiposemwa kwa sauti, juma la kwanza tu utawakuta wavulana wa miaka 12 "wakimwakilisha baba".

Penye ng'ombe, palizi ya kukokotwa inapunguza kazi ya siku nyingi kuwa ya siku moja au mbili. Lakini kipalizi hakipiti kwenye shamba lililopandwa kwa kutupa mbegu. Kwa hiyo ukombozi wa mtoto wa Januari unaamuliwa Novemba, kwa kamba na mistari iliyonyooka. Ofisa ugani akilielewa hili anakuwa mpiganaji wenu mkubwa, ingawa cheo chake hakina neno "mtoto". Na anayeongoza hao ng'ombe awe mtu mzima. Nimeona mahali kipalizi kilikuja, na mtoto akahamishwa kutoka kwenye jembe kwenda mbele ya maksai.

Dawa ya magugu nayo inatajwa sana. Inafanya kazi, gharama yake ni kubwa, na inahamisha hatari kutoka mgongoni kwenda mapafuni. Kama kijiji kinaichagua, tafuteni wapulizaji wachache watu wazima, wafundishwe, wawe na vifaa vya kujikinga, walipwe kwa ekari. Chupa tupu zitobolewe siku hiyohiyo ili zisirudi nyumbani kuchotea maji.

Ndege hawahitaji fedha nyingi, wanahitaji makubaliano. Shamba lililopandwa mapema peke yake, au lililochelewa peke yake, ndilo linalobeba kundi zima la ndege. Bonde likipandwa ndani ya majuma yaleyale, hasara inagawanyika na zamu za ulinzi za watu wazima zinatosha.

Kwa kichanga: kivuli cha mwembe, mikeka, maji, na kina mama wawili wa zamu wanaolipwa kwa kupaliliwa mashamba yao na wengine. Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote kwenye mwongozo huu, na matokeo yake huonekana Jumatatu inayofuata.

Kisha malipo ya kibarua. Vibarua wengi hulipwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa. Malipo ya ngwe yakiwa madogo, mzazi anafanya hesabu ya kawaida kabisa: akija na watoto wawili anamaliza ngwe tatu badala ya moja na nusu. Hujamwajiri mtoto, ila bei yako imemwajiri. Mkutano wa kijiji unaweza kupanga bei ya chini ya ngwe, na mwenye shamba akakubali kwamba mtu analipwa kwa ngwe alizozimaliza yeye na mtu mzima mwenzake tu. Wakulima wakubwa watanung'unika. Waulizeni kama wangewapeleka watoto wao kwenye ngwe hiyo.

Familia zinazokuja msimu mzima kutoka mikoa mingine, kama ilivyo kwenye mashamba mengi ya tumbaku, zipewe uzito wa pekee. Mtoto anafika bila barua ya uhamisho, shule inasita kumpokea, na asipopokelewa ana njia moja tu ya kupita siku yake. Kubalianeni na mwalimu mkuu kwamba mtoto anaingia darasani kwanza, karatasi zinafuata. Malawi, ambako familia nzima ziliishi kwenye mashamba makubwa ya tumbaku kama wapangaji wanaolipwa mwisho wa msimu, ilipiga marufuku mfumo huo kwa sheria mwaka 2021.

Na mjihadhari na misaada. Mbuzi watano wakigawiwa kwa kaya maskini, swali la jembe linarudi likiwa na fimbo ya kuchungia: nani atawachunga? Mkopo wa kupanua shamba kutoka ekari mbili hadi nne unaongeza palizi ya ekari mbili. Hata ruzuku ya fedha taslimu, ambayo kwa ujumla huwasaidia watoto kubaki shule, imewahi kuonekana ikiongeza kazi za watoto nyumbani pale kaya zilipoitumia kununua mifugo na pembejeo. Kila msaada unapoingia kijijini, kamati iulize swali hilo wazi kabla ya kupiga makofi.

Hatua ya nne: pesa ya miezi ya njaa

Palizi inaangukia miezi ambayo ghala ni tupu. Mzazi anakwenda kufanya kibarua kwa wengine ili wale, shamba lake linabaki kwa watoto. Kwa hiyo vikundi vya kuweka na kukopa vipange mikopo midogo ya chakula itoke kabla ya palizi, si baada ya mavuno wakati kila mtu ana pesa. Chama cha ushirika kiombe malipo ya awamu ya mwisho yasichelewe. Kaya zinazostahili mipango ya serikali, kama ile ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) nchini Tanzania, zisaidiwe kuingia kwenye orodha. Mara nyingi wanaokosa ni wale wasiofika mkutanoni kwa sababu walikuwa kwenye kibarua.

Ada zilifutwa, lakini sare, daftari na michango havijafutika. Uji shuleni unashinda semina kumi. Debe la mahindi kutoka kila kaya wakati wa mavuno linamrudisha mtoto darasani mwezi wa pili, wakati nyumbani hakuna kifungua kinywa.

Hatua ya tano: jifunzeni kufika mlangoni

Kamati ikishakuwa na majina ya watoto waliokosa siku tatu mfululizo, watu wawili wanakwenda. Mwanamke mmoja awemo. Wasiende na daftari limefunguliwa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba wanangu. Karibuni."
"Pole na palizi. Hii ni ya kwanza au ya pili?"
"Ya kwanza, na imenishinda. Mmeona nyasi zile?"
"Tumeziona. Zimebaki ngwe ngapi?"
"Kumi na mbili, na baba yao yuko kwenye kibarua."
"Tumeambiwa kijana wetu hajaonekana shule tangu Jumatatu."
"Ndiyo huyo mnamwona pale. Nifanyeje?"

Hilo "nifanyeje" ndilo mliloliendea. Msilijibu kwa kifungu cha sheria. Jibuni kwa zamu ya ujima, kwa mkopo wa kikundi, kwa mwembe wa kichanga. Kama hamna cha kumjibu, rudini hatua ya tatu. Kosa ni lenu.

Hatua ya sita: wapi sheria isingoje

Subira ina mipaka. Mtoto aliyeletwa na wakala kutoka mkoa mwingine bila mzazi, mtoto anayenyimwa malipo au kufungiwa, aliyejeruhiwa na mashine au sumu, aliyenajisiwa shambani: hapa hakuna kikao cha usuluhishi, hakuna mbuzi wa kuomba radhi, hakuna "tuyamalize kifamilia". Toeni taarifa kwa ustawi wa jamii na polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto pale lilipo. Namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure Tanzania, na inatumika pia Kenya na Uganda. Mtoto asihojiwe na kila kiongozi anayepita, na picha yake isipigwe. Kama kuna sumu mwilini, muwahisheni zahanati pamoja na chupa au lebo ya dawa, ili mganga ajue anapambana na nini.

Hatua ya saba: anaporudi darasani

Nimewahi kumwona mtoto aliyeshawishiwa kwa majuma mawili arudi shule, akachapwa viboko vya utoro asubuhi ya kwanza. Mchana alikuwa ameshaondoka. Kubalianeni na walimu mapema: anayerudi kupitia kamati hachapwi wala hasimamishwi mbele ya wenzake, na anapewa mtu wa kumsaidia kufidia. Aliyepitwa na miaka mingi ana njia nyingine. Tanzania upo mpango wa MEMKWA kwa ajili ya walioikosa elimu ya msingi.

Na shule nayo ijitazame. Shule inayowatoa wanafunzi kwenda kulima shamba la mwalimu saa za masomo haina mdomo wa kumwambia mzazi chochote. Kamati ilitamke hili mbele ya mwalimu mkuu, hata kama chumba kitakuwa kimya kwa muda.

Kwa walio kati ya umri wa chini wa kazi na miaka 18, msiwafukuze mashambani moja kwa moja. Wanahitaji kipato, na sheria inawaruhusu kazi salama. Wapeni kitalu, kupandikiza mboga, kuandika hesabu za kikundi, kwa saa chache na malipo yao mkononi mwao.

Hatua ya nane: mnunuzi naye aulizwe

Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kuingia nchini humo kwa madai ya kazi za kulazimishwa na za watoto. Kwenye kakao, kampuni kubwa zilisaini itifaki mwaka 2001 zikiahidi kuondoa utumikishwaji mbaya zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 bado ulikadiria watoto milioni 1.56 katika kazi za kakao Ghana na Côte d'Ivoire. Ahadi na ukaguzi pekee hufundisha watu kujificha. Siku ya mkaguzi, kijiji chote kinajua, watoto wanavaa sare.

Kupitia ushirika, mwambieni mnunuzi mambo matatu kabla ya kusaini mkataba: bei ihesabu gharama ya kibarua mtu mzima, malipo yaje kwa wakati, na mkulima akikutwa na mtoto shambani apewe muda na msaada wa kurekebisha badala ya kufutwa kwenye orodha. Akifutwa, atauza kwa mlanguzi, na mtoto atabaki palepale bila mtu wa kumwona.

Hatua ya tisa: pimeni kwa rejesta ileile

Msihesabu semina wala fulana zilizogawiwa Juni 12, siku ya kupinga utumikishwaji wa watoto duniani. Chukueni majuma yaleyale ya palizi, madarasa yaleyale, mlinganishe na mwaka jana. Kisha fanyeni jambo moja ambalo rejesta haiwezi: tembeeni njia za kijiji saa 4 asubuhi siku ya shule, na tena alfajiri kabla ya kengele. Watoto waliotoka kwenye ngwe wakati mwingine hawaendi darasani. Wakaangalieni malishoni na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, halafu rudini na zile punje za mahindi, maharage na kunde, mkachore kalenda upya.